Mama Konokono

Huku kwetu Kilosa mwanamke akishazaa, jina lake la kuzaliwa linawekwa kabatini. Anakuwa mama wa fulani, na hata mume wake akimwita kutoka uani anamwita kwa jina la mtoto. Mimi nilifika miaka arobaini na moja bado naitwa dada. Dada wa kona, dada wa nyumba ya mwisho, dada yule aliyekuwa anafanya kazi gesti. Kwenye vikao vya akina mama wa kanisani karatasi ya mahudhurio ilikuwa na Mama huyu na Mama yule kuanzia juu hadi chini, halafu mstari mmoja wenye majina yangu mawili kamili, kama mtu aliyeitwa mahakamani. Sisemi walinitenga. Sahani yangu ya pilau ilikuwa kubwa sawa na za wenzangu.

Kabla ya hapo nilikuwa Mikumi miaka saba, kwenye nyumba moja ya wageni kando ya barabara kuu, natandika vitanda na kufua mashuka. Kwa mume wangu Kilosa nilikuwa narudi siku za mapumziko tu. Mwenye gesti alikuwa mtu wa Dar es Salaam mwenye mawazo mengi kuliko wageni, na mojawapo ya mawazo hayo lilikuwa tangi la kioo la samaki wa baharini pale mapokezi. Alisema mtalii akiona simba asubuhi na samaki wa baharini jioni, hatatusahau. Kila mwezi alileta maji ya bahari kwa pikapu, kwenye madumu ya lita ishirini, na kazi ya kuyabadilisha niliachiwa mimi kwa sababu wenzangu walidai yananuka. Watalii hawakuwatazama samaki. Waliuliza neno la siri la intaneti, wakaenda vyumbani. Biashara ilipodorora samaki wakafa mmoja mmoja, na gesti ilipouzwa mwenyewe akanipigia simu, akasema nimwage maji yale na kioo nikichukue kama nina pa kukiweka.

Nilipoinama kuchota nikaona bado kuna wapangaji. Konokono wadogo, hakuna aliyezidi punje ya hindi, rangi ya majivu wenye mistari ya kahawia, wamejishika kwenye kioo wanakula ule ukijani ambao mimi nilikuwa nausugua kila Jumatatu huku nasonya. Nadhani walikuja na mawe ya baharini, wamejificha kwenye matundu. Hakuna aliyewanunua wala kuwalisha. Samaki wa bei mbaya walikuwa wameisha, wao walikuwa bado wanaendelea na chakula chao. Niliwapenda papo hapo na sioni aibu kulisema.

Tukasafiri nao kwa lori la mbao kwenye ile barabara ya vumbi ya Mikumi hadi Kilosa, tangi limelazwa juu ya godoro, maji ya bahari kwenye madumu, konokono kwenye ndoo yenye kifuniko nimeipakata mapajani. Kila shimo nililitukana kwa jina lake. Mume wangu, ambaye ni fundi wa pampu za maji na si mtu wa maneno, alitusubiri nje ya nyumba. Akalitazama tangi likishushwa.

"Samaki wako wapi?"

"Hakuna samaki."

"Sasa hili la nini?"

"La konokono."

Akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na vipande vya mbao na bilauri ya maji, akaanza kupima kama sakafu ya sebule imelala sawa. Siku hiyo nilijua nimeolewa vizuri, hata kama mambo mengine yamegoma.

Mambo mengine niyaseme tu. Mimba mbili zilitoka, ya pili ikiwa na miezi mitano, mtoto wa kike ambaye nilimwona. Baada ya hapo sikushika tena. Ikabaki damu, kila mwezi damu ya kunilaza kitandani, na madaktari wakaniambia nina uvimbe kwenye kizazi, tena si mmoja. Ng'ombe wa maskini hazai, walisema wahenga, na hawakumuuliza ng'ombe anajisikiaje.

Basi nikiwa nimekaa mbele ya kioo kile, siku moja nikauliza kwenye simu konokono wa baharini wanazaaje. Nikapata video ya mzungu mmoja ambaye sebule yake yote ilikuwa matangi. Nilichoelewa ni kwamba wapo wa aina mbili. Kuna ambao watoto wao hutoka wakielea kama vumbi, na hao ndani ya tangi la nyumbani hawafiki popote. Na kuna ambao hubandika vijifuko vya mayai kwenye kioo, na mtoto hutoka na gamba lake tayari, anatambaa, anaanza kula. Wangu walikuwa wa aina gani sikujua. Nikaweka nadhiri moja kimoyomoyo, na nadhiri hiyo ndiyo habari yote hii: kabla sijafungwa mlango, kitu kimoja kianguliwe ndani ya nyumba hii kikiwa hai. Kimoja tu. Sikuomba kiwe na miguu.

Maji ya bahari ndiyo yaliyonitia kwenye midomo ya watu. Nilielewana na kondakta wa basi la kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma, akawa ananijazia dumu huko kwao pwani na kulishusha Dumila kwa mamantilie mmoja pale njia panda. Mimi nikipigiwa simu napanda gari dogo, napita Rudewa, naenda kulichukua. Mamantilie yule alilihifadhi chini ya meza ya sufuria zake na hakuuliza swali hata moja, lakini jinsi alivyokuwa akinikabidhi kwa mikono miwili na kunitazama kwa huruma, nilijua ameshajijibu. Kila mtu anajua maji ya bahari yanaagizwa na nani huku bara. Yanaagizwa na mwenye mkosi, aliyeelekezwa na mganga akaoge alfajiri, nuksi imtoke. Mwanamke wa miaka arobaini asiye na mtoto anayeagiza maji ya bahari kila mwezi hahitaji kueleza.

Mwenyekiti wetu wa akina mama akaja nyumbani. Ni mtu mzima, mjane, mikono yake imezika watu na kupokea watoto mtaani kwetu kabla mimi sijavunja ungo. Nikamwamkia, akaitikia, akasema amekuja kunisalimu tu. Huku mtu akikwambia amekuja kukusalimu tu, bandika chai, ana jambo.

"Mwanangu, nasikia unaagiza maji ya bahari."

"Ndiyo, mama."

"Ya kuoga?"

"Hapana, mama. Ya konokono."

Nikamwinua, nikampeleka kwenye tangi, nikamwonyesha. Akavaa miwani.

"Hawa wa kufanyia nini?"

"Wa kukaa tu, mama."

"Mwanangu, wewe umesoma. Konokono ni kichocho. Tulifundishwa hivyo tangu shule ya msingi, picha ilikuwa ukutani."

"Wale ni wa mtoni, mama, na wa kwenye majaruba ya mpunga. Hawa ni wa baharini, hawana kichocho."

"Konokono ni konokono," akasema, kwa upole, kama mtu anayemwambia mtoto kuwa moto unaunguza. Hata simlaumu. Kilosa nzima imekua na picha ile ukutani, mtoto amesimama mtoni na mshale mwekundu unaotoka kwa konokono kwenda kwenye mguu wake. Wapo watu wa rika langu ambao hawajui mji mkuu wa Kenya lakini wanajua mzunguko wa kichocho kwa moyo.

Kabla hajaondoka akaomba. Aliomba Mungu aingie katika nyumba hii na kuondoa kila kisichokuwa chake. Na mimi mwenyewe, macho nimefumba, kwa mdomo wangu huu, nikaitikia amina.

Watoto wa shule hawakuwa na wasiwasi wa kichocho wala wa mganga. Dirisha letu liko karibu na njia, na tangi lilikuwa chini ya dirisha kwa ajili ya mwanga. Walikuwa wakipita wanabandika pua kwenye nondo, wanasukumana, na haikupita wiki wakaanza kuniita Mama Konokono. Mara ya kwanza nilitoka na fagio. Nilihisi wamenivua nguo barabarani. Mara ya pili nilitoka bila fagio. Baada ya mwezi mmoja nikajikuta saa za kutoka shule zikikaribia naacha ninachofanya, nakaa karibu na dirisha. "Mama Konokono, shikamoo!" "Marahaba." Nilikuwa naitikia bila kucheka, kama mwenye haki. Mume wangu akasikia siku moja akaniangalia. Nikamwambia aendelee kula.

Mayai ya kwanza yalipotokea sikuyajua. Nilidhani ni chokaa ya maji. Vidoa vyeupe, kimoja hakifikii kichwa cha pini, vimepangwa upande wa juu wa kioo. Mume wangu ndiye aliyeniletea lensi ya fundi saa, nikaona ni vijifuko, kila kimoja kina punje za rangi ya maziwa ndani. Nililia. Halafu nikawaua kwa ujinga. Nilikuwa naona maji yakipungua kwa joto la Kilosa, nikawa najazia maji ya bahari, nikidhani nawapa vya kwao. Sikujua kwamba yanapokauka maji, chumvi haiondoki. Inabaki inazidi. Mayai yakaparara, na konokono wazima saba wakafa. Nilikuja kuelewa baadaye, nikachora mstari kwenye kioo kwa rangi ya kucha nyekundu: maji yakishuka chini ya mstari, jazia maji ya mvua, basi.

Mayai ya pili yalikuja msimu wa mvua, na mvua ile ikaangusha nguzo, umeme ukakatika siku tatu. Pampu ya hewa ikasimama. Nilikuwa nachota maji kwa kikombe na kuyamwaga tena humo humo toka juu, ili yapate pumzi, hadi mkono ukafa ganzi, na mume wangu akinipokea. Wazima wengi walipona. Mayai yakageuka rangi ya waridi, yakaota manyoya ya ukungu. Nilikaa na hasira wiki nzima ambayo sikujua nimpe nani. Mume wangu akanitengenezea pampu ya betri.

Mwaka uliofuata damu ilinishinda. Nilizimia kanisani, na hospitali ya Morogoro wakasema bila kunizungusha kwamba kizazi hakitibiki, kitolewe, na wakanipa siku. Nikarudi nyumbani kupanga nguo. Asubuhi ya tatu kabla ya safari nikaona vidoa vyeupe kwenye kioo, kona ya juu kushoto. Safari hii vilikuwa vingi kuliko vyote nilivyowahi kuona. Nikachukua lensi. Baadhi yake vilikuwa vya zamani kuliko nilivyodhani, nilikuwa nimelala kitandani siku nyingi mno hata sikuviona, na ndani ya kijifuko kimoja niliona kitu nisichowahi kukiona katika zile mara mbili za kwanza. Niliona gamba. Dogo, la kioo, limejikunja mara moja, na lilikuwa linageuka taratibu, kama mtu anayejisogeza kitandani. Kumbe wangu walikuwa wa aina ya pili. Wangetoka wanatambaa.

Nilifikiria kuahirisha upasuaji. Naandika hili nikijua linavyosomeka. Mume wangu alinikatalia, na ni mara chache ananikatalia. Akasema, "Nitawatunza mimi. Niambie tu." Nikamwambia: mstari mwekundu, maji ya mvua, betri ya pampu, na kioo kisifutwe hata kidogo, kwa sababu ule uchafu wa kijani ndio maziwa yao wakishatoka. Akanirudishia maneno hayo yote, moja baada ya jingine, kama mtoto aliyetumwa dukani.

Nilikaa hospitali siku kumi na moja, kwa sababu kidonda kilichelewa kupona. Kitanda cha jirani yangu alikuwepo binti aliyejifungua kwa upasuaji, wameniweka karibu naye kwa kukosa nafasi. Jioni mume wangu alipiga simu, na mimi nilimuuliza kabla hata hajanijulia hali.

"Wapo?"

"Wapo."

"Wale wa kona ya juu?"

"Wameanza kuwa weusi ndani. Wanacheza."

Nilikuwa naikandamiza simu sikioni ili nisisikie upande wa pili yule mtoto anavyonyonya. Nilikuwa nimetolewa kitu ambacho hakikunipa chochote maishani isipokuwa damu na mtoto mmoja wa miezi mitano, na bado nilikililia kama ndugu. Lakini nilikuwa na kona ya juu kushoto. Usiku nikifumba macho niliiweka mbele yangu na kulala.

Siku ya kuruhusiwa mume wangu akaja Morogoro kunichukua. Alitoka nyumbani siku moja kabla, akalala kwa jamaa, na ufunguo akaupeleka kwa mwenyekiti. Hilo si kosa. Huku kwetu mgonjwa anapotoka hospitali akina mama wanaingia nyumbani kwake kabla yake. Wanafagia, wanateka maji, wanafua, wanapika. Mwanamke aliyepasuliwa hatakiwi kukuta hata kijiko kichafu. Nimewafanyia wengine hivyo mara nyingi, nimesugua masufuria ya watu ninaowachukia. Na huwezi kumkabidhi mama mzima ufunguo halafu ukamwambia usiguse hiki, usiguse kile. Ni kumwambia humwamini. Mume wangu alisema tu, "Nawaachia, mama." Hata ningekuwa mimi ningesema hivyo hivyo.

Dumila gari lilisimama. Mamantilie akanitambua, akaja dirishani kunipa pole, halafu akaenda chini ya meza yake akarudi na dumu. Kondakta alikuwa amelileta juzi. Mume wangu akaliweka kati ya miguu yake, na toka pale hadi Kilosa nililisikia likicheza kila tulipopita kwenye bonde, Rudewa yote, na nilikuwa na furaha. Nasema ukweli. Kidonda kilikuwa kinauma na nilikuwa na furaha. Nilimuuliza mume wangu, jana ulipoondoka walikuwaje, akasema, "Wawili wametoka. Nilitaka uone mwenyewe."

Waliniimbia tangu barabarani. Walikuwa kama kumi na wawili, vitenge vya sare, vigelegele, mwenyekiti mbele. Wakanishika huku na huku kama yai. Nyumba ilinukia sabuni hadi nje. Sakafu ilikuwa inang'aa, mapazia yamefuliwa, vitambaa vya makochi vimepigwa pasi. Na chini ya dirisha tangi langu lilikuwa jeupe kiasi kwamba mwanzoni sikukiona kioo chake, niliona maua. Maua ya plastiki, mekundu na ya njano, yamesimama ndani ya maji safi ya bomba. Mawe yangu ya baharini yalikuwa yamesuguliwa na kupangwa chini kwa ukubwa, kubwa hadi dogo. Pampu ilikuwa imefutwa na kuviringishiwa waya wake vizuri. Ule mstari wa rangi ya kucha ulikuwa umebaki nusu.

"Umeona, mwanangu?" mwenyekiti akasema. Alikuwa anatabasamu kama msichana. "Hatukutaka urudi na kidonda kibichi kwenye kichocho. Kioo kile kilikuwa na vitu vyeupe kama mayai ya chawa, vimeganda! Tumesugua kwa stilwaya hadi vidole vimetuvimba. Na humo ndani tumetia dawa ya kutibu maji. Hata ukitaka kunywa, kunywa."

Wenzake wakacheka, wakanionyesha vidole. Kweli vilikuwa vimevimba.

Nataka kuandika kwamba niliwaelewa. Sikuwaelewa. Niliwachukia, wote kumi na wawili, kwa majina ya watoto wao mmoja mmoja. Nilitaka kupiga kelele hadi nyuzi zikatike. Nilimtazama mume wangu na yeye alikuwa ameliweka dumu chini, anatazama tangi, na uso wake ulikuwa umekufa. Kisha nikawatazama wale akina mama, wanasubiri. Walikuwa wamelala saa chache, wameacha mashamba yao na wajukuu wao, wamenipikia wali na kuku.

"Asanteni sana, mama zangu," nikasema. "Mungu awabariki."

Wakapiga vigelegele. Nikakalishwa, nikaletewa maji ya kunawa. Nilikula wali ule wote. Nilimaliza sahani.

Walipoondoka nikajikokota hadi nyuma ya nyumba. Maji machafu huku yanamwagwa kwenye migomba, kila mtu anajua. Kuku wa jirani walikuwa wamefika kabla yangu. Nilipata magamba manne, matatu matupu, na la nne lilikuwa bado na mwenyewe ndani yake, nikajikokota nalo hadi sebuleni, nikamimina maji ya dumu kwenye bakuli, nikaliweka, nikakaa nalo hadi jua likazama. Mume wangu alikaa pembeni yangu sakafuni. Hakusema nisamehe, na mimi sikusema si kosa lako. Baadaye alisema kwamba wale wawili walikuwa tayari wanakwenda, walikuwa wamefika karibu na ule mstari mwekundu. Nilimwomba asiniambie tena, na hajaniambia tena. Yule wa kwenye bakuli hakutoka.

Migomba mitatu ilikauka majani kwa chumvi. Mwenyekiti aliiona, akasema bila shaka ni ugonjwa wa migomba, akaahidi kuniletea miche mingine kutoka kwao Magole, na akaleta. Huja kila Alhamisi kuniangalia. Kwa sababu yake sijayatoa yale maua, maana jambo la kwanza anatazama kule dirishani. Dumu bado liko kwenye kona ya jikoni na maji yake. Mume wangu aliuliza mara moja kama amwambie kondakta alete konokono wengine, pwani wamejaa tele. Nikamwambia hapana. Labda angekuwa mtu mwingine angejaribu tena. Mimi sina kitu ndani cha kujaribia, na sisemi kizazi.

"Na wale wadudu hawajarudi?" mwenyekiti aliniuliza juzi, chai mkononi.

"Hawajarudi, mama."

"Mungu ni mwema."

"Kila wakati," nikasema.

Shule ilikuwa imetoka. Tuliwasikia wanakuja njiani, wanasukumana kama kawaida, na nikajua sasa wataona maua, wataona hakuna kitu, wataacha. Pua zikabandikwa kwenye nondo. Mmoja akauliza mwenzake kwa sauti ya chini wamekwenda wapi, na mwenzake akamjibu wamejificha kwenye maua. Halafu wote kwa pamoja, kwa adabu, kwa kuwa walikuwa wamemwona mwenyekiti:

"Shikamoo, Mama Konokono!"

Mwenyekiti akanigeukia, akingoja niwakaripie. Nikaweka kikombe chini.

"Marahaba, wanangu," nikasema.